Uso Unaocheka

Tarehe 2 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na cherehani yako. Mimi huku ni mzima wa afya, kazi zinaendelea. Mchumba wangu anakusalimu sana, anasema nimwambie mke mwenzake asimwonee wivu.

Ndani ya boksi utaona simu. Usishtuke. Ni ya kugusa, haina vitufe, na maandishi yake nimeyakuza mpaka jirani yako Mama Pacha akisimama ng'ambo ya ua atayasoma. Nimekununulia kwa sababu tukipigiana tunageuka watu wa vita: wewe husikii, mimi napaza sauti, majirani zangu wanadhani kuna mtu namfukuza. Basi tuwe tunaandikiana. Mama Pacha ni hodari wa mambo haya, atakuonyesha.

La pili ndilo kubwa. Mama Pacha ameniambia kila kitu. Kwamba tangu ulipozidiwa kwenye foleni ya benki hujavuka lango. Vitambaa unaletewa, sare za wanafunzi zikishonwa zinachukuliwa hapo hapo mlangoni, na hata msiba wa shoga yako wa miaka yote hukwenda. Kwamba daktari alikupima moyo, akasema moyo mzima, huo ni wasiwasi, nawe ukamjibu kwamba mwenye wasiwasi ni yeye aliyeshindwa kuuona ugonjwa.

Bibi, hakukutukana. Wasiwasi unaweza kuwa ugonjwa kama magonjwa mengine. Humo kwenye simu nimekuwekea programu, watu wanaiita apu, ina alama ya jani la kijani. Kila asubuhi itakuuliza umeamkaje, halafu itakuonyesha nyuso tano, kuanzia unaolia mpaka unaocheka. Gusa ule unaofanana na moyo wako. Kisha kuna duara linalotanuka na kusinyaa. Likitanuka vuta pumzi, likisinyaa itoe taratibu. Ukihisi moyo umeanza mbio, fungua duara hilo. Kuna rafiki yangu kazini anaitumia apu hii, imemfaa.

Jaribu tu. Usipoipenda, simu itumie kama kioo cha kujitazama.

Mjukuu wako,
Fundi Lifti


Tarehe 11 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Hujambo huko? Mke mwenzangu hajambo? Kile kifua chako cha utotoni hakijarudi? Mimi sijambo, ni magoti tu yanayodai urithi kabla sijafa.

Ujumbe huu nimeuanza baada ya chai na sasa jua limeshahama dirishani. Nikigusa herufi moja zinakuja mbili. Mama Pacha ananiambia, "Andika kifupi, Bibi, siku hizi watu hawaandiki salamu." Nimemwambia ujumbe usio na salamu ni amri ya polisi.

Apu yako nimeifungua. Ikaandika, "Karibu, shujaa!" nikageuka kuangalia ni nani ameingia. Asubuhi ya kwanza niligusa uso wa pili kutoka ule unaolia. Ikaniuliza kama ningependa kueleza zaidi. Nikaandika, "Hapana, sikujui." Ikajibu kwamba ninaendelea vizuri sana. Mtu gani huyo asiyekasirika?

Lakini kwa kuwa ni wewe, nitakueleza. Siku ile benki sikuugua ghafla kama wanavyosema. Nilikuwa nimesimama, nazungumza na mama mmoja kuhusu bei ya vifungo, mara vidole vikafa ganzi. Moyo ukaanza kupiga kama cherehani iliyoachiwa mguu. Nikaona watu wanasogea mbali, kumbe hawakusogea. Nikajua nakufa, tena nakufa mbele ya watu, nimeshika kitabu cha benki. Nilipopelekwa hospitali nikaambiwa sina kitu. Sasa kama sina kitu, kile kilikuwa nini? Mtu akikuambia nyoka uliyemwona hayupo, utalala chumba kile?

Lile duara mwanzoni nilishindana nalo, nikataka kulimaliza haraka. Juzi mteja akagonga mlango kwa nguvu, moyo ukaruka. Nikalifungua. Likatanuka, likasinyaa, nami nyuma yake kama mtoto anayefuata mkono wa mama sokoni. Yule nyoka hakuondoka. Lakini alilala chini. Nikaenda nikafungua mlango.

Basi ahsante. Usinunue kitu kingine.

Bibi yako, mke wako wa kwanza


Tarehe 14 Februari

Bibi mpenzi,

Shikamoo. U mzima? Mimi mzima kabisa. Nimesoma ujumbe wako mapumzikoni, nikacheka peke yangu mpaka Nyundo akaniuliza kama nimelipwa mara mbili. Nyundo ni mwenzangu wa kazi, sisi wawili tu ndio tunaohudumia lifti za majengo ya upande huu wa mji. Leo tulikuwa hospitalini, lifti ya wagonjwa ilikuwa inafika ghorofani kisha inakataa kufungua mlango. Watu wamo ndani wanasoma dua, kumbe ni kipande cha kadibodi kimenasa kwenye reli.

Sasa Bibi, ndani ya apu tafuta palipoandikwa Ngazi. Hapo unaandika mambo unayoyaogopa, dogo chini, kubwa juu. Kwa mfano: kusimama mlangoni, kufika langoni, kwenda duka la vifungo, kufika kituo cha basi, benki. Unapanda kidato kimoja tu, unakirudia mpaka kikuchoshe, ndipo unapanda kingine. Usiruke. Kuna pia ukurasa wa Mawazo. Ukiandika, "Nitakufa nikitoka," itakuuliza ushahidi uko wapi.

Na zile asubuhi ambazo kifua ni kizito na kitanda hakikuachii, fungua sauti ya mvua. Sikiliza tu, usifanye kitu kingine. Kidogo kidogo miguu inakubali kushuka chini. Hiyo hunisaidia sana.

Mchumba anakusalimu.

Mjukuu wako,
Fundi


Tarehe 2 Machi

Mume wangu,

Marahaba, hujambo? Nauliza hivi na ninataka jibu, usinipite.

Kwanza habari zangu. Mlangoni nimesimama mpaka nimejua ratiba ya kuku wote wa mtaa huu. Langoni nimefika. Siku ya kwanza nilishika nguzo kama mlevi. Leo nimekwenda mpaka duka la vifungo, Mama Pacha akiwa nyuma yangu kwa mbali, nimemkataza asinishike. Muuza duka akasema, "Mama, tulidhani umehama." Nikanunua uzi mweusi ambao sina haja nao.

Ule ukurasa wa Mawazo ni hakimu mtupu. Niliandika, "Nikitoka nitaanguka na watu watanicheka." Ushahidi uko wapi? Nikatafuta ushahidi nikaukosa. Nikakasirika, nikaandika, "Watu wa hapa huwajui." Lakini nilipotoka sikuanguka, wala hakucheka mtu.

Sasa nisikilize. Wewe ndiye uliyeninunulia simu kwa sababu sisikii. Halafu unaniambia nisikilize sauti ya mvua! Mimi na masikio yangu haya hata mvua yenyewe naijua kwa kuiona kwenye nguo nilizoanika. Ulisahau unamwandikia nani. Na mwisho ukaandika, "hunisaidia sana." Hukusema, "humsaidia rafiki yangu."

Mimi nimekulea tangu ukiwa huna meno. Ni nani ambaye kitanda hakimwachii asubuhi?

Bibi yako


Tarehe 5 Machi

Bibi, shikamoo.

Hayo ni makosa ya vidole tu, nilitaka kuandika "humsaidia". Mimi niko sawa kabisa, usiumize kichwa. Hongera sana kwa duka la vifungo! Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi wiki ijayo.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Machi

Mume wangu,

Salamu nyingi. Wiki ijayo imepita na ndugu zake.

Nilikuandikia mara mbili, ukanyamaza. Nikamwandikia mke mwenzangu kule duka la dawa anakofanya kazi. Nilimwuliza kwa utani kama amekufungia kabatini. Amenijibu bila utani. Amesema ulimwomba akupe nafasi. Kila akija hufungui, na akikuuliza kosa lake unamwambia hana kosa. Amesema, "Bibi, sijui kama ameniacha au amejiacha yeye mwenyewe." Maneno hayo nimeyasoma, nikazima cherehani.

Sikukasirikii. Mimi mwenyewe nilijifungia, na mlango wangu ulikuwa wazi kutwa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sina nguvu za kuumbuliwa. Kama unaumwa sema unaumwa. Hata neno moja. Hata lisilo na maana.

Kituo cha basi bado sijafika. Kila nikikaribia kona ile nasikia mabasi tumboni, kwa maana masikioni siyasikii. Nitafika.

Niandikie.

Bibi yako


Tarehe 30 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo siwezi kuandika kwamba mimi ni mzima wa afya, kwa hiyo nimekaa muda mrefu sijui barua inaanzaje.

Rafiki yangu kazini ni mimi.

Ilianza mwaka jana, sina sababu ya kukupa. Hakuna aliyekufa, sijafukuzwa popote, mchumba wangu ni mtu ambaye sistahili hata nusu yake. Ndiyo maana niliona aibu. Naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na sijui asubuhi imekwenda wapi. Nakula kama mtu anayepanga matofali. Watu wakichekesha nasikia kicheko changu kinatokea chumba cha pili.

Nikaitafuta hiyo apu. Siku za mwanzo niligusa uso unaolia. Ikaniuliza maswali, nikajibu, ikaniambia kwa upole kwamba majibu yangu ni ya mtu anayehitaji kuonana na daktari au mshauri, nimwambie mtu. Nikaona haya, Bibi, haya mbele ya simu! Kesho yake nikagusa uso unaocheka. Kioo kikajaa karatasi za rangi, "Hongera, shujaa!" Tangu hapo nimekuwa nagusa huo huo kila asubuhi, kisha najifunika shuka tena. Juzi imenipa nishani.

Nilipokuwa nakufundisha wewe nilijisikia nina kazi. Ulipofika langoni nilifurahi kweli, hiyo haikuwa uongo.

Sasa nikuambie la kazini. Tulikuwa tunabadilisha vigurudumu vya mlango kwenye jengo la ofisi. Nyundo alipanda juu ya lifti, humo ndani ya shimo inamopita. Kabla mtu hajapanda, mimi natakiwa kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwangu. Ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa. Nilikwenda mpaka kwenye swichi. Nikasimama mbele yake. Nikarudi bila kuigusa, na wala sikujua kwamba sikuigusa. Mtu huko juu akaita lifti, ikaanza kupanda na Nyundo yuko juu yake.

Aliwahi kitufe cha dharura. Hakuumia. Alishuka akakaa sakafuni, akanitazama, hakunitukana hata kidogo. Akaniuliza tu, "Mdogo wangu, ulikuwa wapi?" Nimeambiwa nikae nyumbani kwanza. Ni siku nyingi sasa.

Kuna asubuhi nawaza kwamba nisingeamka, dunia isingepungukiwa na kitu. Sina nilichopanga, usiogope. Ni wazo tu, linapita. Ila linarudi.

Tafadhali usije. Najua huwezi kufika hata kituoni, na sitaki ujilazimishe kwa ajili yangu.

Mjukuu wako


Tarehe 30 Machi, jioni

Ujumbe huu hauna salamu kwa sababu ni amri.

Fungua hiyo apu sasa hivi uguse uso wa kweli. Chini kabisa kuna kitufe chekundu, nimekiona kwangu, kimeandikwa Ongea na mtu. Kiguse. Usimdanganye atakayejibu. Mwambie lile wazo, kama ulivyoniambia mimi.

Unasema dunia isingepungukiwa. Dunia siijui, haijawahi kuniletea hata sindano. Ningepungukiwa mimi. Nilikubeba mgongoni nikishona, ukinikojolea, na wateja wakisubiri, na sikuwahi kukaa nikahesabu kama unanifaa.

Umefanya vizuri kuniambia. Nimesoma mara nyingi na sijakukasirikia pahali popote.

Kesho nakuja kwa basi la asubuhi.

Bibi


Tarehe 31 Machi

Mjukuu wangu,

Sikuweza.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo. Nilifika, Mama Pacha kanishika mkono, tiketi tumekata, nikapanda. Nikakaa karibu na mlango. Dereva akawasha gari, kiti kikatetemeka, na yule nyoka wangu akasimama wima. Nikafungua duara, simu ikaniponyoka, ikaanguka chini ya viti. Nikapiga kelele nishushwe. Watu wazima wakanishusha kama mzigo, Mama Pacha nyuma na simu yangu. Basi limeondoka.

Ulinionya nisiruke vidato, nami nimeruka. Nimelia hapa mbele za watu, na ujue, hakuna aliyecheka. Dada mmoja anayeuza maji amenipa chupa, akakataa malipo.

Sasa sikiliza. Mimi nimeshindwa leo, lakini sikuacha hapo. Nimemwandikia mke mwenzangu nikamwambia yote. Nimekuvunjia siri, na nikipata nafasi nitaivunja tena. Amefunga duka la dawa yuko njiani, na amesema anampitia Nyundo. Mlango ukigongwa, ufungue. Kama huna nguvu za kusema nao usiseme, lakini fungua.

Nitakaa hapa benchini mpaka unijibu. Mama Pacha ameshaniambia nitaota mizizi. Acha niote.

Bibi yako


Tarehe 31 Machi

Nimefungua. Wapo hapa. Nenda nyumbani, Bibi.


Tarehe 6 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Umelala vizuri tangu siku ile? Mimi si mzima, lakini niko, na sasa nina watu wanaojua.

Nikueleze ilivyokuwa. Baada ya ujumbe wako nilikaa na simu mkononi hadi usingizi ukanichukua. Asubuhi ikaniuliza umeamkaje. Nikagusa unaolia. Hakukuja karatasi za rangi. Nikashuka mpaka kwenye kitufe chekundu. Nilidhani mashine itajibu. Alijibu dada, mtu kabisa, akaniuliza niko wapi, niko na nani, kama kuna kitu chochote karibu yangu cha kunidhuru. Aliuliza bila kuzunguka, nami nikajibu bila kuzunguka. Akakaa nami kwenye simu mpaka mlango ulipogongwa.

Mchumba wangu aliingia akiwa bado amevaa koti jeupe la dukani. Nyundo nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza, "Ukifa wewe, nani atanifungia swichi?" Kisha akasikia alichokisema, akashika mdomo. Mchumba wangu akaanza kucheka, kile kicheko cha msibani kisichozuilika, nikamfuata, na katikati ya kicheko nikalia. Sikumbuki lini nililia mara ya mwisho. Nyundo akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa na hali mbaya kuliko mimi.

Walinipeleka kliniki siku hiyo hiyo. Daktari anasema ni sonona, ugonjwa una jina na una matibabu. Kanipa vidonge, ameniambia vitachukua majuma kadhaa kabla sijaona tofauti, nisiviache. Halafu nimepewa mshauri, mama mmoja wa makamo, mkali kidogo, ungempenda. Aliomba kuona simu yangu. Akapitia zile nyuso, mwezi baada ya mwezi, karibu zote zinacheka. Akasema, "Kijana, mbona una raha kuliko mimi?"

Hakuniambia niifute. Amesema niiendeleze, ila kila Alhamisi tunaifungua pamoja, mimi na yeye, na nikigusa uso wa chini, ule unaolia, siku mbili mfululizo nimpigie simu mchumba wangu siku hiyo hiyo bila kufikiri. Funguo za chumba changu sasa anazo mchumba wangu.

Bibi, ulisema umeshindwa. Mlango wangu uligongwa na watu wako.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Mwenye funguo hajambo? Vidonge unameza? Alhamisi hukukosa? Nyundo mpe salamu, mwambie aliyekugongea mlango siku ile ni ndugu yetu.

Mimi nilirudi nyuma. Baada ya siku ile ya kituoni hata langoni nilishindwa, kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi akaangukia matako. Nilikaa ndani, nikaigeuzia simu kisogo. Mama Pacha akaja akaifungua mwenyewe, akasoma kwa sauti kubwa kama mtangazaji: "Shujaa, tumekukosa!" Tukacheka. Nikaanza tena mlangoni, na kuku wale wale.

Sasa nimebuni vidato vyangu ambavyo apu haikuvijua. Nakwenda kituoni, nakaa benchini, natazama mabasi yakiondoka, narudi. Kisha napanda lililozimwa, nakaa, nashuka. Makondakta wamenizoea, wananiita Mkaguzi. Jana nilipanda linalotembea, nikashuka kituo kinachofuata. Mwili wote umelowa jasho, lakini nimeshuka kwa miguu yangu, sikushushwa.

Usiniambie nisije. Nitakuja nikikamilisha ngazi.

Bibi yako


Tarehe 19 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo, Mkaguzi! Habari za mabasi?

Nimerudi kazini. Bado sishuki shimoni, mshauri na mkuu wetu wamekubaliana hivyo. Nakaa karakana, nafungua mota, nabadilisha breki, nasafisha. Nyundo anashuka na kijana wa muda, akirudi ananisimulia makosa yake kwa furaha kubwa.

Kuna siku njema. Juzi nilikula embe nikagundua kwamba ni tamu, nikasimama karakana nikiwa na mikono ya grisi nimeduwaa. Kuna siku mbaya pia. Jumapili niligusa uso wa chini, Jumatatu tena, nikampigia mchumba wangu kama tulivyokubaliana. Alikuja, tukakaa pamoja. Ananiuliza tufunge ndoa lini, nikamwambia anisubiri nipone. Akasema, "Nani kakuambia naolewa na aliyepona?" Sijui nimjibu nini. Nisaidie, wewe ndiye mke wa kwanza.

Mjukuu wako


Tarehe 8 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Mjibu ndiyo, mjinga wewe.

Tiketi mbili tumekata, Mama Pacha na mimi, Ijumaa asubuhi, viti vya mbele. Dereva nimeshamwambia kwamba mimi ni mgonjwa wa wasiwasi, akasema mama yake pia, akiwa safarini humwimbia. Nimemwambia kwangu asipoteze sauti, sisikii.

Nikishindwa njiani nitashuka, nitakaa, nitapanda linalofuata. Usitusubiri kwa saa. Tusubiri tu.

Bibi yako


Tarehe 17 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Mlifika salama? Magoti yamesemaje baada ya safari? Mama Pacha amepumzika? Mchumba wangu ameliona pengo lako mezani, anasema tangu mwondoke hakuna wa kumkosoa chumvi.

Sikukuambia mlipokuwa hapa, maana ulikuwa unanikatiza kila nikianza. Lile basi lilipofungua mlango ulishuka ukiwa umebana simu kifuani, duara bado linatanuka na kusinyaa, midomo mikavu, na Mama Pacha nyuma amebeba kila kitu pamoja na viatu vyako. Ukanitazama toka juu hadi chini, ukasema, "Suruali hii nani kakushonea, adui?" Ndipo nikakukimbilia.

Niseme na hili: tuligombana kuhusu mapazia, na mpaka leo nasema mapazia yakae wazi nusu. Lakini yale mengine uliyonifanyia sitayasahau. Siku ile ya kliniki ulikaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa. Mshauri alipomaliza nami ukainua mkono kama mwanafunzi, ukauliza, "Na mimi je?" Hivi umeshakwenda kwa yule mshauri wa huko kwenu ambaye mshauri wangu alikuandikia jina lake? Usiniambie apu inatosha. Mimi nilijiambia inatosha.

Sasa habari za leo, na nitazisema zilivyo. Leo ilikuwa mbaya. Sikuamka mpaka jua lilipopita utosini. Uso niliougusa ni ule wa chini kabisa. Wazo lile lilipita, nikaliona, nikamwandikia mshauri kwamba limepita, akanipigia. Kisha nikampigia mkuu wa kazi. Zamani ningesema tumbo. Nikamwambia, "Mkuu, sonona imenibana leo, nitakuja kesho." Nikasikia mashine za karakana nyuma yake. Akasema, "Sawa. Mota yako hatuigusi."

Nikaoga. Nimekula mkate na chai. Mchumba wangu anakuja akifunga duka, tutazungumza tarehe ya harusi, na akiniona sina nguvu ya kuzungumza tutakaa tu. Kesho sijui itakuwaje. Nadhani nitakwenda.

Najua hizi ndizo siku za sare na wazazi wamekujazia mlango. Usikimbilie kunijibu. Maliza kushona kwanza. Nipo.

Mjukuu wako